Punguzo Juu ya Punguzo

Ninauza matandiko Musoma. Duka langu liko Nyasho, si mbali na soko, na siku za mnada hufunga mzigo nikaupeleka Bunda au Butiama, nikatandika turubai chini na kuanza kupanga: mashuka huku, mablanketi kule, foronya na mito mbele kabisa ili mpita njia avione. Kazi hii ndiyo iliyosomesha wanangu. Kwa hiyo ninapoeleza namna ya kupunguza gharama za matandiko, naeleza nikiwa upande wa meza ambao mnunuzi haufikii, upande wa anayeamua kama bei itashuka au haitashuka.

Wanunuzi wengi wanaamini punguzo hutoka kwenye ulimi, kwamba anayejua kubembeleza ndiye anayepata. "Mama, nipunguzie basi, mimi mwanao." Maneno hayo nayapenda, na soko bila maneno halinogi, lakini hayanishushii bei kwa kiasi cha maana. Bei yangu hushuka kwa sababu. Ama nahitaji fedha taslimu leo, ama mzigo umekaa rafuni muda mrefu, ama mteja anachukua vingi, ama nina hakika atarudi. Kila sababu ina punguzo lake. Anayekuja na sababu moja hupata punguzo moja. Anayekuja na sababu tatu kwa pamoja huzibebesha zote juu ya shuka lile lile, nami hubaki na faida ndogo lakini ya haraka, na tunaachana tukiwa tumeridhika sote.

Hilo la kubebesha punguzo juu ya punguzo watu hudhani ni la nchi za watu, kule wanakokata kuponi kwenye magazeti na kubeba kadi za supamaketi. Kweli wenzetu wamelianza zamani. Coca-Cola ilikuwa ikigawa karatasi za kumpa mtu glasi moja ya bure huko Atlanta, Marekani, tangu mwaka 1887. Na kumrudishia kitu mteja anayerudi ni jambo la zamani kuliko hapo: mwaka 1844 wafanyakazi wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka la ushirika lililowagawia wanachama sehemu ya faida kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Sisi wa mkoa wa pamba, tuliokulia kwenye vyama vya ushirika, wazo hilo la pili halitushangazi hata kidogo.

Lakini kuponi ya matandiko nasi tumewahi kuwa nayo, tena iliyofika mpaka vijijini. Mama yeyote aliyejifungua miaka ile anaikumbuka kwa jina lake: Hati Punguzo. Ilianzishwa mwaka 2004 chini ya mpango wa taifa wa kudhibiti malaria, kwa fedha za Mfuko wa Dunia, na kufikia mwaka 2006 ilikuwa imeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Mjamzito alipohudhuria kliniki alipewa hati ya karatasi. Aliipeleka kwenye duka lililojiunga na mpango, akaongeza fedha kidogo, akaondoka na chandarua chenye dawa. Baadaye ikaongezwa hati ya mtoto, iliyotolewa alipopelekwa kuchanjwa surua akiwa na miezi tisa. Vyandarua vingi vilitengenezwa na kiwanda cha A to Z cha Arusha.

Hati hizo nilizipokea mimi mwenyewe. Nilizihifadhi kwenye kopo tupu la Blue Band chini ya meza na kuzifunika kwa daftari la madeni, kwa sababu kwangu zilikuwa fedha kamili. Zikishafika za kutosha nilimkabidhi msambazaji, naye akanipa vyandarua vipya badala yake. Mteja hakuona safari hiyo ya karatasi, na watu wengi walidhani mwenye duka anatoa punguzo mfukoni mwake. Sikuwa natoa kitu. Punguzo lilikuwa limeshalipwa na mtu mwingine, mbali kabisa na Nyasho. Kazi yangu ilikuwa kuipokea hati na kuitunza isilowe.

Hati ilikuwa na thamani iliyoandikwa, ambayo ilifikia shilingi 3,250, na chandarua kiliuzwa zaidi ya hapo. Tofauti aliilipa mama, na aliyetaka chandarua kipana alilipa tofauti kubwa zaidi. Wengi walikuja wakiwa na hati mkononi lakini hawana nyongeza. Walikishika chandarua, wakakigeuza, wakakirudisha. Wengine walikaa na ile karatasi nyumbani hadi mtoto akazaliwa na kuanza kutambaa. Watafiti waliofuatilia mpango huo waliliona hilo hilo nchi nzima: kaya maskini zaidi ndizo zilizobaki nyuma katika kuitumia. Mwaka 2009 utaratibu ukabadilishwa, mama akawa anaongeza shilingi 500 tu, nami nikaona kopo langu likijaa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Baadaye hati ikahamia kwenye simu, na mwaka 2014 mpango ukafungwa. Siku hizi mjamzito hupewa chandarua kliniki bila kulipa.

Kabla nyongeza haijashushwa, waliofaulu ni wale waliounganisha hati na kitu kingine. Kulikuwa na wanawake wa Bweri waliokuwa wakicheza upatu. Walikubaliana kwamba mwenzao akipewa hati kliniki, kikundi kinamtolea nyongeza siku hiyo hiyo, naye atafidia kwenye zamu yake. Hati peke yake haikumfunika mtoto, na mchango wao peke yake usingefika bei kamili. Viwili vikikutana, chandarua kilikuwa kinaondoka dukani kabla jua halijazama. Niliwaheshimu sana wanawake wale, na yote ninayoyaeleza huku chini nimeyajenga juu ya walichokuwa wakifanya.

Punguzo lenyewe halikuwapo siku zote. Wazee wa Musoma na Butiama wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, shuka jipya lilipokuwa jambo la kusubiriwa. Bei za bidhaa nyingi zilipangwa na Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973, na nguo zilifika vijijini kwa mgao. Pamba ilikuwa ikilimwa hapa hapa, na kiwanda cha nguo cha Mutex kilijengwa hapa hapa Musoma, lakini kupata shuka bado kulihitaji kibali au ndugu mwenye nafasi. Muuzaji wa wakati ule angekupa punguzo kwa sababu gani? Mzigo haukukaa rafuni hata usiku mmoja. Punguzo lilizaliwa biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, mashuka ya kutoka nje na mabelo ya mtumba yakaingia, na wauzaji tukaanza sisi kuwatafuta wateja.

Sasa tunatafutana, na kitu cha kwanza cha kujua ni lini namtafuta mteja zaidi kuliko anavyonitafuta.

Fedha ya mkoa huu ina majira. Kwa Bunda, ni pamba: msimu wa kununua ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi wa tano, na wakulima wakaanza kulipwa, godoro halibembelezwi. Kwa walio pwani ya ziwa, kuanzia Mwigobero hapa mjini hadi Kibara na Kisorya, ni dagaa, na dagaa hufuata mwezi wa angani. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti, mitumbwi hupumzika na fedha hupumzika pamoja nayo. Siku hizo za mwezi mkubwa duka langu huwa kimya, na mteja anayeingia na taslimu ananikuta na moyo laini. Kwa walimu na wafanyakazi wengine ni mwisho wa mwezi, kwa hiyo katikati ya mwezi ndiyo nafuu kwa mnunuzi.

Halafu kuna shule. Januari wanaingia kidato cha kwanza, Julai kidato cha tano, na kila fomu ya kujiunga na bweni ina orodha: godoro la futi mbili na nusu, mashuka mawili ya rangi fulani, blanketi, chandarua, mto. Wazazi wa wanafunzi wa Mara Sekondari, wa Musoma Sekondari na wa shule za mbali hufika wote wiki moja, wote wakitaka rangi ile ile ya bluu. Wiki hiyo sina sababu yoyote ya kushusha bei, na nisingependa kukudanganya kwamba ninayo. Mzazi anayejua mwanawe yuko kidato cha nne anajua pia kwamba huenda Julai ya mwaka unaofuata atahitaji godoro. Aje mwezi wa pili au wa tatu, Januari ikiwa imeshapita na mimi nina mabaki ya rangi za shule ninayotaka kuyaondoa.

Nitatoa mfano wa manunuzi niliyoyapenda, ya mwalimu mmoja wa kike kutoka Butiama. Aliingia katikati ya mwezi, siku za mbalamwezi, mchana uliopoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Habari za Butiama?"

"Njema. Mama, nimekuja na shida ya watu wanne."

Alikuwa ameagizwa na majirani zake watatu, na yeye wa nne. Alitoa kwenye mkoba risiti ya manunuzi yake ya nyuma, ile ya mashine, akaiweka mezani bila kusema neno. Ilinikumbusha kwamba huyu si mpita njia. Kisha akauliza seti moja ya shuka mbili na foronya mbili za futi sita kwa sita ni kiasi gani. Nikamwambia shilingi 40,000. Akauliza, nikichukua nne? Nikashuka hadi 36,000. Akauliza, nikilipa taslimu sasa hivi, bila daftari? Nikashuka hadi 35,000, kwa sababu kesho yake nilikuwa natuma fedha Mwanza kwa ajili ya mzigo mpya. Hapo wengi wangelipa na kuondoka. Yeye akauliza kama nina kipande cha mwisho wa jora, chochote, hata kama hakitoshi shuka. Nilikuwa nacho kimoja, cheupe, kimekaa chini ya meza tangu Pasaka. Nilimpa kama nyongeza, na fundi wa cherehani aliye barazani kwangu akamkatia na kumshonea foronya nne kwa fedha kidogo.

Hakunibembeleza hata mara moja. Aliniletea wingi, taslimu, urafiki wa zamani na siku ya ukame, kisha akaniomba kitu ambacho kwangu kilikuwa kinaota vumbi. Kwa seti nne aliokoa shilingi 20,000, na foronya juu. Nauli ya kutoka Butiama waligawana wanne.

Kuna hesabu ndogo ambayo wateja huikosea, na maduka makubwa ya Mwanza na Dar es Salaam yanaijua vizuri. Tuseme seti ni shilingi 40,000, duka linatangaza punguzo la asilimia kumi, nawe una kuponi ya shilingi 5,000. Ukianza na asilimia, unabaki na 36,000, ukitoa kuponi unalipa 31,000. Ukianza na kuponi, unabaki na 35,000, na asilimia kumi ya hiyo ni 3,500, unalipa 31,500. Shilingi mia tano zimepotea kwa kupanga vibaya tu. Omba asilimia ihesabiwe kwanza kwenye bei kamili, ndipo utoe kuponi yako. Vilevile, asilimia kumi mara mbili haifiki asilimia ishirini: 40,000 inakuwa 36,000, kisha 32,400. Anayekuambia "nimekupa ishirini" amekulipisha mia nne zaidi.

Uliza pia, kabla ya kuvua viatu kulala juu ya godoro la maonyesho, kama ofa zao zinaungana. Maduka mengi huandika kwa herufi ndogo kwamba kuponi haitumiki kwenye bidhaa iliyoshushwa bei tayari. Hilo si wizi. Duka limeamua kwamba sababu moja inatosha. Lakini ukilijua mapema utachagua ile kubwa kati ya mbili na nyingine utaitunza kwa safari nyingine.

Kwenye simu, pointi na gawio ni vitu vya kweli. Vodacom ina Tuzo Points zake, na Tigo Pesa, kama ilivyoitwa wakati huo, mwaka 2014 ilianza kuwagawia watumiaji sehemu ya riba inayotokana na fedha zao zilizohifadhiwa benki. Ukilipa matandiko kwa Lipa Namba unaepuka ada ya kutoa fedha kwa wakala, na huenda ukajipatia pointi za kununulia bando. Ila usisahau nilipo mimi. Nikipokea kwa simu, nitalipa ada siku ya kuitoa fedha ile, kwa hiyo bei ya taslimu na bei ya simu kwangu si lazima zilingane. Pima: nikikushushia 1,000 kwa taslimu, na pointi zako ni za shilingi chache, chukua ile 1,000. Nisipokushushia kitu, lipa kwa simu na pointi uzichukue wewe. Kuna wanaokumbatia pointi kiasi cha kukataa fedha iliyo mezani.

Tena pointi usizilaze. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari wana somo la kutosha katika hili. Supamaketi za Nakumatt zilikuwa na kadi ya pointi ambayo karibu kila nyumba ya mjini Kenya ilikuwa nayo, na kampuni hiyo ilivuka hadi kwetu, ikafungua Moshi mwaka 2011, kisha Arusha na Dar es Salaam. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu, na mwaka 2020 wadai wake waliamua ifilisiwe. Aliyekuwa amezitumia pointi zake kununua taulo na mashuka alibaki na taulo na mashuka. Aliyekuwa akizikusanya ili siku moja achukue godoro alibaki na kadi ya plastiki. Pointi ni ahadi ya duka kwako, nayo ina uhai wa duka lile. Zikifika kiasi cha kununua foronya mbili, nunua foronya mbili. Mwenye ndugu Migori au Kisumu aliyejaza Bonga Points za Safaricom amwambie hivyo hivyo. Tangu mwaka 2020 pointi hizo zimeweza kulipia bidhaa kwenye maduka yanayopokea Lipa na M-Pesa, na shuka ni bidhaa.

Bahati nasibu za matangazo siziweki kwenye hesabu kabisa. Benki na kampuni za simu huendesha droo halali, na droo ya aina hiyo huhitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ukishinda, shukuru Mungu. Lakini usinunue duveti usilolihitaji ili upate tiketi. Na ujumbe unaosema "umeshinda kuponi ya godoro, tuma shilingi 10,000 kwa namba hii kugharamia usafiri" ni wa tapeli, kila mara, bila kubakiza hata mmoja. Wateja wangu wawili watatu wameniletea simu zao nisome. Ujumbe wa namna hiyo unaripotiwa kwa namba 15040.

Punguzo juu ya kitu kibaya ni hasara iliyopambwa, na hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu nawaona watu wakitoka mnadani Bunda na furaha isiyofika mwezi. Shuka lililoandikwa pamba kwenye nailoni ya nje si lazima liwe pamba. Mwombe muuzaji uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ushike kwa kibano au ncha za kucha, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ukiyasugua yanapotea vidoleni. Polyesta hujikunja, huyeyuka, hutoa harufu kali, na ikipoa huacha punje ngumu nyeusi. Uzi wa mchanganyiko hufanya vyote viwili. Mimi sikatai mteja akifanya hivyo kwenye meza yangu. Muuzaji atakayekataa amekujibu.

Pima pia, kwa kanda, siyo kwa macho. Futi sita ni sentimita 183. Godoro la inchi nane linahitaji sentimita ishirini kila upande kushuka, hapo umefika 223, na bado hujachomekea. Shuka la "sita kwa sita" lenye upana wa mita mbili litakuwa linachomoka kila usiku mtoto akigeuka, na huwezi kulirudisha kwa hasira. Tafuta mita mbili na nusu. Kama mashuka ya kushonwa tayari ya upana huo ni ghali, nunua kitambaa kipana kwa mita kutoka kwenye jora, mpe fundi apinde. Mara nyingi hutoka nafuu, na kitambaa umekichagua mwenyewe.

Mtumba nao usiudharau. Mashuka ya mtumba ya pamba, mazito, yaliyofuliwa Ulaya mara nyingi bila kuchanika, hudumu kuliko mengi mapya. Fika asubuhi belo likifunguliwa kama unatafuta bora. Fika jioni kama unatafuta bei, kwa sababu muuzaji anapima uzito wa kurudi nao. Yanyanyue kwenye jua uangalie katikati, pale mwili unapolala, ndipo huisha kwanza. Ukifika nyumbani chemsha, fua, anika juani siku nzima. Kwa mito, nenda kwa sufi. Mnadani bado utawakuta kina mama wanaouza sufi ya kujaza, na foronya za vipande vya jora nimeshakuonyesha zinapatikana vipi.

Godoro ni kitu kingine. Hapo usikimbilie punguzo la kwanza, angalia waranti. Magodoro mazuri ya viwanda vyetu huja na kadi inayosema miaka, na kadi hiyo ina thamani kubwa kuliko elfu tano utakayopunguziwa. Hakikisha imejazwa tarehe, ukubwa na muhuri wa duka, na idai pamoja na risiti ya mashine. Anayekuambia "bila risiti nakushushia" anakuuzia waranti yako mwenyewe. Risiti yenyewe nayo ni kumbukumbu: mwalimu wa Butiama aliniwekea ya zamani mezani, nami nikamtendea kama mteja wa siku nyingi. Ndiyo kadi yetu ya uaminifu huku kwetu, na haihitaji plastiki.

Ninakoona nafuu kubwa kuliko zote ni kwenye vikundi. Mchezo wa mashuka unachezwa sana mkoani kwetu Mara: wanawake wanachanga kila mwezi na mmoja wao anatandikiwa kitanda kizima, shuka, foronya, blanketi, hata pazia. Kikundi kimoja cha Kiabakari kimeupanga kwa akili nyingi. Zamani kila aliyefikiwa na zamu alipewa fedha akanunue mwenyewe, rejareja, kila mmoja kwa bei yake. Sasa wananunua mara mbili tu kwa mwaka, baada ya misimu ya shule, kwa bei ya jumla, seti za wanachama wote waliobaki kwenye zamu, na mweka hazina anazitunza nyumbani kwake zikiwa bado kwenye nailoni. Wanapata bei ya jumla na majira kwa pamoja, nami naongeza changu: kwa kila dazeni natoa foronya mbili na kubeba mzigo hadi Kiabakari siku ninayokwenda mnada.

Waliwahi kubishana kuhusu pointi. Malipo makubwa yalipita kwenye simu ya mweka hazina, bando likaingia kwake, na wengine wakanung'unika. Wakakubaliana hivi: simu ya kulipia inafuata zamu, ununuzi huu ya huyu, unaofuata ya yule, na fedha ya kikundi inahamishwa kwake mbele ya watu watatu. Risiti zinabaki kwenye bahasha ya kikundi. Aliyefikiwa na zamu akitaka kubadilisha rangi anabadilisha ndani ya wiki moja, akiwa na risiti na nailoni haijachanwa. Mwezi wa pili ujao wameniagiza mablanketi pia, mazito, kwa sababu Juni na Julai usiku wa Butiama una baridi, na wanataka yawe ndani kabla wazazi wa kidato cha tano hawajaanza kuyagombania.